Mjadala: Mahakama imefungua mbegu za kienyeji. Je, kaunti ya Nakuru izigharamie?

Mkulima, Molo

Tarehe 27 Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ilifuta vifungu vya sheria ya mbegu vilivyomfanya mkulima mhalifu kwa kuuza au kubadilishana na jirani mbegu isiyosajiliwa. Adhabu ilifika miaka miwili jela au faini ya shilingi milioni moja. Waliokwenda kortini ni wakulima wadogo kama sisi. Wengi wanasema basi, mambo yameisha. Mimi nasema kaunti sasa itenge pesa kwa ajili ya mbegu hizo, na nitaeleza kwa nini.

Huku juu tumezoea mahindi ya H614, yanayokaa shambani miezi saba, minane, na zaidi pakiwa na baridi. Yanataka msimu mrefu. Siku hizi mvua inachelewa, inakatika mahindi yakitoa mbelewele, halafu inarudi wakati wa kuvuna na punje zinaoza. Mwenye mbegu moja akikosea msimu amekosa vyote. Bibi zetu walipanda minji, wimbi, maharage ya kila rangi, managu na saga, hivyo kimoja kikigoma kingine kililisha nyumba. Na si mvua tu. Ugonjwa ule wa mahindi ulioonekana Bomet mwaka 2011 ulikuta karibu mbegu zote za dukani hazina kinga. Ndiyo hatari ya mashamba kufanana.

Muuza pembejeo, Njoro

Mama, kwa heshima zote, uhuru huo tumeshauona kwenye waru. Aina ya kiazi iitwayo Shangi ilienea kutoka mkono hadi mkono miaka mingi kabla ya kusajiliwa mwaka 2015. Je, ilileta aina nyingi? Zunguka Molo na Kuresoi utaje shamba lisilo na Shangi. Pamoja nayo ukaenea mnyauko wa bakteria. Kiazi cha mbegu unakiona safi kabisa, kumbe kimebeba ugonjwa, na udongo ukishaambukizwa unakaa miaka bila kufaa kwa viazi. KEPHIS, wakaguzi wa mbegu wa serikali, hawakagui ili kutukomoa.

Mkulima, Molo

Ndugu yangu, hoja ya Shangi ni nzito. Lakini tuulize ilishinda kwa nini. Inakomaa kwa miezi mitatu hivi, inaiva haraka jikoni, na mnunuzi anayekuja na lori anaitaka hiyo. Aina nyingine za viazi, Nyayo na Roslin Eburu, zilisukumwa pembeni na soko, na hakuna aliyelipwa kuzitunza. Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba ruhusa peke yake haileti aina nyingi. Ndiyo maana nataka bajeti.

Ukaguzi nao usipime kila mbegu kwa kipimo kimoja. Kiazi kikaguliwe vikali, maana kinabeba mnyauko. Punje ya wimbi au mbegu ya managu haina hatari kubwa namna hiyo, basi akina mama waibadilishe sokoni bila kusumbuliwa.

Ninachoomba ni mashamba ya majaribio kwa mwinuko: Rongai, Njoro, Molo, Mau Narok. Kinachokubali Rongai kinaweza kugandishwa na baridi ya Mau Narok, hivyo orodha moja ya kaunti nzima haitatusaidia. Gilgil kuna Seed Savers Network wanaofundisha wakulima kuhifadhi mbegu, na huko Muguga benki ya taifa ya mbegu imetunza zilizokusanywa kwa wazee wetu. Ziletwe zipandwe hapa, zikutane na mvua ya sasa.

Mwalimu mstaafu, Kuresoi

Nimewasikia wote wawili. Naunga mkono mashamba ya majaribio, ila mnasahau mikono. Wimbi inavumilia ukame na inakaa ghalani miaka bila kuliwa na wadudu, ni kweli. Lakini magugu yake machanga yanafanana nayo mno, palizi ni ya kuinama na kuchambua shina kwa shina, na ikikomaa lazima mtu ashinde akifukuza ndege. Kazi hiyo huangukia wanawake na watoto. Mahindi yalipendwa kwa sababu yaliwapunguzia mzigo. Kaunti ikigawa mbegu ya wimbi bila mashine ndogo za kupanda kwa mistari na kupura, wake zetu wataikataa, na watakuwa na haki. Mama wa Molo, bajeti yako imehesabu hilo?

Mkulima, Molo

Haijahesabu, mwalimu. Mashine za kupura ziingie, moja kwa kila kikundi cha wanawake, na ziwe mikononi mwao, si kwenye ofisi ya wadi.