Njia ya waenda kwa miguu mtaani kwetu imegeuzwa ukumbi wa baa, nani aliwaruhusu?

Wakuu, hili nimelivumilia tangu mwaka juzi, sasa limenifika shingoni.

Naishi Sinza, Dar es Salaam. Baba yangu alipata kiharusi, anatumia kiti cha magurudumu, na mara mbili kwa wiki namsukuma mwenyewe kwenda mazoezi ya viungo. Si mbali, ni dakika kumi na tano hivi. Kuanzia kona ya kwetu kuna njia ya waenda kwa miguu, imetandikwa vitofali vizuri kabisa, kwa kodi zetu. Hiyo njia siku hizi haipitiki, maana baa ya pale kona imehamia juu yake. Meza, viti vya plastiki, turubai, kreti za soda, friji moja ya bia, na mwishoni kabisa jiko la nyama choma la pipa lililopasuliwa, limewekwa juu ya mfuniko wa mtaro.

Alhamisi iliyopita saa kumi jioni tumefika pale, mhudumu akaniambia, "Dada, zungukeni tu huku barabarani, hawa wateja wameshakaa." Wateja wenyewe walikuwa watatu. Nikamshusha baba kwenye lami, kwenye daladala na bodaboda. Bodaboda moja ikapita ikagusa gurudumu la kiti. Haikumwangusha, nashukuru Mungu. Lakini baba, ambaye tangu augue maneno yanamtoka kwa shida, alinishika mkono na hakuniachia mpaka tulipofika. Mzee wa miaka 74 aliyelipa kodi maisha yake yote anaambiwa azunguke barabarani kumpisha mtu na chupa yake.

Kinachonitia hasira zaidi ni hiki. Oktoba 2021 mji huu uliwaondoa wamachinga. Tuliambiwa wazi kwamba hawatakiwi juu ya mitaro, kwenye njia za waenda kwa miguu wala kwenye hifadhi za barabara. Pale pale kona kulikuwa na mama mmoja wa vitumbua. Alikuwa na meza moja, jiko la mkaa na benchi la kukalia watu wawili, na saa tatu asubuhi alikuwa ameshafagia na kuondoka. Ukipita na mtoto anasogeza benchi kabla hujamwomba. Yule mama aliondolewa, na alitii. Wengi wetu tulisema inauma, ila ngoja njia ipitike. Leo nenda kaone nani amekaa pale alipokuwa anachomea vitumbua. Friji ya bia!

Basi mnieleze: njia ilisafishwa kwa ajili ya watembea kwa miguu au kwa ajili ya mwenye mtaji mkubwa zaidi?

Na haikutokea siku moja. Kwanza vilitoka varandani viti viwili vitatu, jioni tu, tukasema si neno. Likaja turubai, "kwa ajili ya mvua." Turubai likapata nguzo za chuma, nguzo zikachimbiwa zege katikati ya vitofali. Likafuata jiko. Mtaro ukafunikwa ili meza zikae sawa, na majivu, mifupa na maji ya kuoshea vyombo vyote vinaishia humo. Masika iliyopita mtaro uliziba, maji yakaingia nyumba tatu ikiwemo ya kwetu. Tulitoa godoro la baba nje likiwa linachuruzika.

Usiku sitauongelea sana, wengi mnaujua. Spika mbili zimeelekezwa mtaani kwa sababu wateja wako mtaani. Baa ikiwa ndani ya kuta zake walau ukuta unapunguza, ila hii haina ukuta, ukuta wake ni dirisha langu.

Nimelalamika wapi? Kila mahali. Ofisi ya kwanza waliniambia suala la meza ni la wenye barabara. Wenye barabara wakasema biashara ni suala la wenye leseni. Wenye leseni wakaniambia, "Mama, wale wana leseni na wanalipa kodi." Leseni ya kuuza vileo mahali fulani inageukaje kuwa hati ya kumiliki njia iliyo nje ya mlango? Nimeomba nionyeshwe kibali cha kuweka hata kiti kimoja pale nje. Mpaka leo hakuna aliyenionyesha.

Sheria haikosekani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010 na inazungumzia haki ya baba yangu kufika anakokwenda. Sheria ya Mazingira ipo tangu 2004 na kanuni za kelele zilitoka 2015. Halmashauri za miji zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo tangu 1982. Kwa hiyo kinachokosekana ni mtu wa kuja na futi kamba akapima.

Na msije kuniambia nachukia starehe au nataka vijana wakose ajira. Bia nakunywa, na nyama ya pale nimeshaila nikaipenda. Kukaa nje jioni kwenye joto la Dar ni jambo zuri. Ninachotaka ni kuwe na utaratibu. Paris, ambako meza za nje ni maisha yao, tangu 2021 zile za majira ya joto zinaombewa kibali, zinaruhusiwa 1 Aprili hadi 31 Oktoba, na saa 4 usiku zinafungwa. Watu wa kule hawajaacha kula nje.

Kwetu ingetosha hivi: mstari upigwe rangi chini, ng'ambo ya mstari isitoke meza wala mguu wa meza, na njia inayobaki itoshe kiti cha magurudumu kupishana na mtu aliyebeba mzigo. Anayetumia eneo la umma alilipie, na kibali chake kibandikwe ukutani kikiwa na idadi ya meza na saa za kuondoa. Jiko lisiwe juu ya mtaro. Muziki ubaki ndani. Na nguzo zilizochimbiwa zing'olewe, vitofali virudishwe kwa gharama ya aliyevitoboa.

Jumatatu naenda manispaa. Nimepiga picha kwa siku kumi na mbili mfululizo, zina tarehe na saa, na nimepima kwa futi: nafasi iliyobaki kati ya meza ya mwisho na ukingo wa barabara ni sentimita 40. Kiti cha baba kina upana wa 66. Majirani saba wameshaweka saini kwenye barua. Kama unaishi Sinza na kwenu iko hivyo hivyo, nitumie ujumbe tuambatanishe na picha zako. Na kama kuna mtu humu alishawahi kufanikiwa kuondoa meza za namna hii mtaani kwake, aniambie alianzia mlango gani, maana hii mitatu ya kwanza nimeshaigonga.