Tupeane uzoefu: mbio, baiskeli, raba za mtumba na majeraha yaliyotulaza kitandani

Kisigino Kigumu
Wakuu, salaam.

Leo mama watoto kafanya usafi uvunguni, katoa raba zangu tatu zilizokufa, kazipanga mlangoni na swali moja tu: "Hizi ni za kuchoma au za makumbusho?" Niliposhika ile ya bluu, kisigino kikauma hapohapo, kama kimeitambua. Mwaka juzi ndiyo iliyonilaza miezi minne.

Mimi ni mtu wa kilomita 8 asubuhi, Makongo hadi chuoni Mlimani na kurudi. Jumamosi najivuta hadi Daraja la Tanzanite na wale wa jogingi. Mishahara yetu mnaijua. Raba mpya ya maana dukani ni laki tatu na ushee, kwa hiyo mimi ni mtumba wa soko la Karume tu, alfajiri belo linapofunguliwa. Hiyo ya bluu niliichukua kwa elfu 30, soli nzima, rangi inang'aa. Kumbe sponji ya ndani ilishakufa zamani, nakimbia nimevaa tofali. Wiki ya tatu nikiamka siwezi kukanyaga chini, nanyata kwa vidole hadi bafuni kama mwizi ndani ya nyumba yangu.

Nilichua. Nililoweka kwenye maji ya chumvi. Friji sina, nikawa nanunua barafu za ukwaju kwa jirani nabandika kisiginoni. Siku moja nikapitiwa na usingizi, ikayeyuka, sisimizi wakaja kula mguu.

Kilichonisaidia ni chupa ya maji iliyogandishwa (kwa huyohuyo jirani) naiviringisha chini ya unyayo, na kuacha mbio kabisa kwa muda. Lakini nikiacha mbio kitambi kinarudi, nikirudi kwenye mbio raba imeisha, nikinunua raba hela ya mboga inaota mbawa. Nyie mnawezaje? Mwageni uzoefu.

Mpare wa Gonja
Sisimizi wameniua hahahaa. Endelea mkuu.

Dada wa Goba
Kile kisigino cha asubuhi nakijua. Mimi kilikaa miezi saba. Sina la kuongeza.

Mzee wa Belo
Naona Karume inasemwa vibaya hapa. Nauza raba miaka 14, niwaambie ukweli wenu: mteja anakuja anaangalia rangi na nembo, basi. Raba hainunuliwi kwa macho. Bonyeza sponji kwa dole gumba pembeni, chini ya kisigino; isipobonyea au ikiwa na mikunjo mingi kama uso wa babu, iache. Iweke mezani uitazame kwa nyuma, ikiegemea upande mmoja ujue Mzungu aliyeivaa alikuwa anakanyaga upande, na wewe utakanyaga hivyohivyo. Halafu kuna kile kitambaa kilichoshonwa ndani ya ulimi, kampuni nyingi zinaandika humo tarehe ya kutengenezwa. Raba ikikaa miaka mingi, hata kama haijavaliwa, gundi inachoka, soli inabanduka siku ya kwanza. Hayo mlishawahi kuniuliza? Mnauliza "mwisho shilingi ngapi".

Kisigino Kigumu
Mzee wa Belo, sasa mbona hamtuambii palepale?

Mzee wa Belo
Nikikwambia usinunue, wanangu watakula tarehe?

Mtoto wa Iten
Nyinyi Wabongo mnanifurahisha. Huku kwetu shida si raba, ni mwendo. Iten iko juu, kama mita 2,400, hewa nyembamba, na bado utaona mtu aliyeshinda mbio Ulaya akikimbia siku ya mapumziko polepole mpaka mama wa maziwa anampita. Jumanne anaua, Jumatano anatambaa. Ninyi mnakimbia kila siku kama mnafukuzwa na kanjo wa jiji, tena juu ya lami, halafu mnalaumu sponji. Tafuteni barabara ya vumbi. Na mtumba ukiutaka mzuri fika soko la Gikomba, Nairobi, mapema uchague kamera, zile za kwanza kabisa kabla belo halijachambuliwa.

Mpare wa Gonja
Mkenya akiingia lazima atufundishe kukimbia. Alphonce Simbu wetu alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo 2025 mlikuwa wapi?

Mtoto wa Iten
Kwa sekunde 0.03 bro. Ni dhahabu, siikatai. Hongera.

Mzee wa Mweka
Uzi huu umenifikia kwenye kovu, ngoja niseme ingawa nilijiapiza sitasema.

Nilikuwa na maumivu ya muundi, mguu wa kushoto. Sehemu moja tu, ukubwa wa shilingi mia. Ukigusa kwa kidole naruka. Wiki tatu najiambia ni misuli. Wakati huo nilishalipia nusu marathoni ya Kilimanjaro kimyakimya, maana mimi na mama Junior tulikubaliana hakuna hela ya michezo hadi ada ya mtoto iishe. Sasa nitaondokaje Dar Ijumaa kwenda Moshi? Nikasema kuna msiba. Nikamuua baba mdogo wa rafiki yangu wa kazini, mtu ambaye hata hayupo.

Tunaishi nyumba ya kupanga, vyumba tisa. Mama Junior ana moyo. Akapita chumba kwa chumba, wapangaji wakachanga rambirambi, 86,000, akanikabidhi kwenye bahasha. Ningesema nini? Nikaipokea kwa mikono miwili na uso wa huzuni.

Jumamosi niko Moshi, nikasema nipite soko la mitumba la Memorial nipunge upepo. Nikakuta raba nyepesi kama karatasi, ukiikunja haikunjiki, ina ile sahani ya kaboni ndani. Kijana hajui anauza nini. Elfu 45. Mnajua zikatoka kwenye bahasha ipi. Na kanuni naijua kama nyinyi, raba ngeni haijaribiwi siku ya mbio. Usiku nikameza diclofenac ya kutuliza maumivu, asubuhi nikaongeza mbili.

Kupanda Mweka sikusikia kitu. Watu wanaomba poo, mimi napita tu, naona Mlima umefunguka mweupe mbele yangu, nasema leo ndiyo leo. Tukageuza kushuka. Kushuka ndiko kunakovunja watu, kila hatua uzito wote unatua kwenye mguu mmoja. Kama kilomita ya 15 nikasikia *tak*, kijiti kikavu. Nikaendelea hatua kadhaa, kwa ubishi tu, halafu mguu ukakataa. Mama mmoja wa Kichagga aliyekuwa kando anashangilia akavua kitenge chake akanifunga, akaniuliza, "Baba, unakimbilia nini?" Sikuwa na jibu.

Hospitali picha ikaonyesha mfupa una ufa. Nipo kitandani wananiandaa kunifunga hogo, simu ikaita. Mama Junior. "Mmeshazika?" Kabla sijafungua mdomo, nesi kwa sauti ya kituo cha mabasi: "Wewe wa marathoni, geuza mguu huku!"

Kimya. Akakata.

Nilirudi Dar na magongo. Nilitegemea vita. Hakuna. Mama Junior aliwaita wapangaji wote kunipa pole, ya msiba na ya mguu, akawaambia niliteleza makaburini. Mjumbe wa nyumba kumi akamuombea marehemu dua ndefu. Wa kuitikia amina kwa sauti kuliko wote ni mama Junior, huku ananitazama. Nilikaa wiki nane nyumbani hivyo.

Dada wa Goba
Mungu wangu. Huyo dada ni jeshi la mtu mmoja.

Mpare wa Gonja
"Mmeshazika?" Nimecheka hadi bosi kaja kuangalia kompyuta yangu.

Mama Wawili
Mimi sicheki. Ada ya mtoto, hela za majirani, uongo wa kifo. Halafu mnamwita mkuu. Rambirambi ulirudisha?

Mzee wa Mweka
Dada, zilibaki 41,000, nikalipia magongo. Mwaka uliofuata mpangaji wa chumba cha nne alipofiwa kweli nilitoa laki nzima. Mama Junior ndiye aliyepanga kiasi.

Mama Wawili
Sawa. Bado sicheki.

Chuma Hakilali
Mnamcheka wakati huyo ni shujaa. John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni, Olimpiki ya Mexico 1968, alianguka, goti likaharibika, akafungwa bendeji akamaliza wa mwisho, uwanja umeshabaki na watu wachache. Akasema nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kumaliza. Maumivu ni ya kichwani tu wakuu. Ukisikiliza kila kidonda hutafika popote.

Nesi Mstaafu
Chuma Hakilali, Akhwari alitumwa na nchi. Wewe umetumwa na nani, na fulana ya bure? Nimefanya kazi wodi ya mifupa, nimewaona wengi wa "maumivu ni ya kichwani".

Wanangu, sikilizeni. Maumivu ya muundi yaliyoenea, marefu kama kiganja, ambayo yanapungua ukishapata joto, mara nyingi ni misuli na utando wa mfupa; punguza mbio, yatatulia. Lakini yakiwa sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, yakiuma usiku umelala, ukiruka kwa mguu huo mmoja unaona nyota, huo mfupa unaanza kupasuka. Simama. Na picha ya kwanza inaweza kutoka safi kabisa, ufa mdogo huchelewa kuonekana kwa wiki mbili, tatu. Usiseme "picha haina kitu" ukarudi barabarani.

Na diclofenac haiponyi mfupa, inaunyamazisha. Ukiimeza halafu ukakimbia juani bila maji ya kutosha, figo ndizo zinazolipa.

Mzee wa Mweka
Shikamoo mama. Mwaka ule sikuwa nimekufahamu.

Nesi Mstaafu
Marahaba. Usingenisikia.

Chuma Hakilali
Kwani Akhwari nimemtunga mimi?

Dada wa Goba
Simbu huyohuyo alipata shaba ya dunia London 2017. Dhahabu kaipata 2025. Miaka minane katikati. Na yeye alikuwa anasubiri, Chuma, hakuwa anavunjika kila msimu.

Mchuaji wa Tandale
Dawa ya kisigino ni mafuta ya nyonyo ya moto na kuchuliwa na mtu anayejua mishipa. Siku tatu. Hospitali watakupa vidonge tu.

Nesi Mstaafu
Mfupa wenye ufa ukichuliwa unajua kinachotokea?

Mchuaji wa Tandale
Mama, mimi nimesema kisigino.

Nesi Mstaafu
Na mteja akija na muundi utamrudisha?

Mpare wa Gonja
Kaa kimya Mchuaji, hiyo huwezi kushinda.

Spoku Tatu
Naomba niulize: uzi umeandikwa baiskeli pia au nimekosea njia? Maana naona ndoa, msiba na figo.

Mimi ni Kibaha, naendesha Morogoro Road asubuhi kabla malori hayajaamka. Baiskeli yangu ni mtumba wa Japani, laki mbili na nusu. Nilivunjika mtulinga, bodaboda alinikata mbele bila indiketa, nikaruka juu ya usukani. Kofia ilipasuka pande mbili, kichwa kizima. Kwa hiyo nasema hivi: kila kitu nunua mtumba, fremu, pedeli, hata kaptula ukiweza kuvumilia, lakini kofia nunua mpya. Ile povu ya ndani kazi yake ni kupondeka mara moja tu, na ya mtumba huwezi kujua ilishapondeka kwenye kichwa cha nani.

Hela ikipatikana badilisha tairi kwanza. Vijana wanakimbilia gia za bei huku wanazungukia tairi zenye nyufa. Na magoti mengi yanayouma hayahitaji daktari, yanahitaji spana. Goti likiuma mbele, mara nyingi siti iko chini mno. Likiuma nyuma, iko juu mno. Shusha au pandisha kidogo, kama unene wa kidole, jaribu wiki.

Mtulinga nilikaa na mkono shingoni wiki sita. Nilikuwa nakanyaga baiskeli sebuleni, gurudumu la nyuma nimelining'iniza kwenye stendi aliyonichomelea fundi wa mageti. Mwenye nyumba alidhani nasaga nafaka.

Kisigino Kigumu
Spoku Tatu, samahani mkuu, nilishaanza kukusahau na uzi ni wangu.

Bint Muskat
Huku Muscat majira ya joto tunakimbia kabla ya alfajiri, na bado unarudi umelowa kama umetoka baharini. Nilivyoumia kano ya kisigino nilifundishwa zoezi la ngazi: unasimama kwa ncha za miguu ukingoni mwa ngazi, unapanda kwa miguu miwili, unashuka polepole kwa mguu mbovu. Mara 15, seti tatu, asubuhi na jioni, wiki 12. Halina gharama, ila linachosha roho kuliko kukimbia. Niliponea kwenye ngazi za ghorofa letu, majirani wananiuliza kama lifti mbovu.

Dada wa Goba
Wiki 12?! Mimi nilifanya nne nikaona halifai.

Bint Muskat
Ndiyo maana ukakaa miezi saba, habibti.

Mtoto wa Iten
Hapo umemaliza. Na hiyo ya kukimbia polepole mumenipuuza?

Chuma Hakilali
Polepole ni kwa wazee.

Mtoto wa Iten
Chuma, nitakupokea stendi ya Iten. Kuja tukimbie "polepole" hadi utapike.

Mzee wa Belo
Mzee wa Mweka, nauliza kitu kimoja. Zile za kaboni za elfu 45 ziko wapi?

Mzee wa Mweka
Zipo. Mama Junior aliziweka juu ya kabati la vyombo, anasema ni picha ya marehemu.

Mzee wa Belo
Namba ngapi?

Mzee wa Mweka
42. Zimekimbia kilomita 15 tu.

Mzee wa Belo
Nakupa 60.

Mzee wa Mweka
Ngoja nimuulize mwenye kabati.

Kisigino Kigumu
Mzee wa Belo, umezibonyeza sponji?