Chatu watatu, panya sita kwa mwezi: nizalishe vipi nyumbani Malindi?

Mkaazi wa Barani (Malindi)

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Ninafuga chatu watatu kwa kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na kila mmoja ameshavuka urefu wa mita moja na nusu. Kila baada ya wiki mbili ninampa kila mmoja panya mmoja, kwa hiyo natumia panya sita hivi kwa mwezi. Mpaka sasa nimekuwa nikiagiza panya weupe kwa mtu anayeniletea kwa basi, lakini mara mbili mfululizo boksi limefika na baadhi yao wamekufa kwa joto, na aliyeniuzia alikataa kurudisha hata senti moja. Nimeamua kuzalisha mwenyewe. Nina banda la makuti uani, majike sita na madume mawili. Je, idadi hiyo inatosha? Niwape chakula gani? Zaidi ya hayo, jirani yangu mwenye duka la nafaka yuko tayari kunipa bure panya wanaonaswa katika ghala lake, nami naona ni riziki ya kuokota. Nisisahau kwamba mama mkwe tunaishi naye, na neno panya hataki kulisikia.

Mzee wa Nyoka (Watamu)

Waaleikum salaam, mwanangu. Majike sita ni mengi mno kwa chatu watatu. Jike hubeba mimba siku 21 hadi 23 tu, na huzaa watoto wanane hadi kumi na wawili, hata zaidi. Yakizaa yote sita mwezi mmoja utakuwa na vitoto zaidi ya hamsini, na wewe mwenyewe umesema unahitaji sita. Baki na majike mawili na dume moja, uyapandishe kwa zamu ili kila mwezi azae mmoja huku mwenzake akipumzika.

Wengi huharibikiwa hapa: jike aliyejifungua anaweza kushika mimba nyingine ndani ya siku moja. Dume lisipoondolewa kabla ya kuzaa, mama atanyonyesha huku amebeba, atakonda, na watoto watatoka dhaifu. Vitoto vinaachishwa ziwa vikiwa na siku 21 hivi, na kabla ya kutimiza wiki tano lazima uwatenge madume na majike, kwa maana katika umri huo ndugu huanza kupandana. Wakifika wiki sita hadi nane watakuwa wa kutosha kwa nyoka wako. Kipimo chetu ni kwamba panya asiwe mnene kupita sehemu nene ya mwili wa nyoka. Kumbuka pia kwamba watoto wa uzao mmoja watakuwa bado wanakua wakati wengine wanazaliwa, hivyo tayarisha chakula cha vinywa ishirini na kitu, hata kama wa kuliwa ni sita.

Seremala wa Langoni (Lamu)

Kaka, mimi nisemee joto, kwa sababu ndilo lililoniulia panya wangu mwezi wa tatu. Panya hatoki jasho. Joto la mwili hulitoa kwa mkia, na hewa ikizidi nyuzi 30 kwa muda mrefu huanza kuteseka, na dume linaweza kukosa uwezo wa kuzalisha. Banda lako la makuti lina upepo, lakini makuti ndiyo makao ya panya wa mwituni, nao watakuja usiku kuchungulia wenzao na kuwaletea maradhi na viroboto. Mimi niliwahamishia katika chumba cha chini chenye ukuta mnene wa mawe, na saa za mchana huwawekea chupa ya maji yaliyoganda, niliyoizungushia kitambaa.

Chini tandika maranda ya mbao ngumu isiyotiwa dawa. Ya msonobari na mwerezi yaache, kwa kuwa mafuta yake huwaumiza mapafu. Ubadilishe kabla hujasikia harufu kali ya mkojo, kwani harufu hiyo ndiyo inayoanza kuwakohoza. Wavu uwe wa matundu madogo, la sivyo vitoto vitapenya. Na kama mtaani kwenu kuna paka kama wetu hapa Lamu, funika vizimba, maana mama aliyetishwa hula watoto wake.

Daktari wa Mifugo (Malindi)

Panya wa ghalani usimkubali hata akija bure. Sumu nyingi za panya huzuia damu isigande, na panya aliyeila huendelea kutembea siku kadhaa akionekana mzima; ukimpa chatu wakati huo, umempa na sumu. Mkojo wa panya wa mwituni pia hubeba maradhi ya leptospirosisi, ambayo humpata binadamu, na wewe ndiye utakayemshika.

Kuhusu chakula, panya mzima hula gramu 15 hadi 20 kwa siku. Mahindi makavu, mtama na dagaa kidogo vinafaa, maharage yawe yamepikwa, na machicha ya nazi yawe haba kwa sababu ya mafuta yake. Mahindi yenye ukungu usiyatumie kabisa: mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 katika maeneo ya Ukambani, na panya hana kinga kutuzidi.

Usimwache panya hai peke yake na nyoka asiye na njaa au anayekaribia kujivua gamba, kwani panya hung'ata hadi mfupani. Muue kwanza, kwa njia ya haraka utakayofundishwa ana kwa ana, kisha umgandishe. Siku ya kulisha myeyushe ndani ya friji, umtie katika mfuko na umpashe kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu chatu hutambua joto la windo kwa vishimo vya midomoni. Umeme ukikatika na panya wakayeyuka, usiwagandishe tena.

Mkaazi wa Barani (Malindi)

Nawashukuru nyote, na wewe Mzee zaidi. Majike manne na dume moja nitampa rafiki anayefuga Kilifi, na panya wa jirani nimewakataa kwa heshima. Mama mkwe nimemweleza kwamba watakaa chumba cha nje chenye mlango wa kufuli. Amekubali kwa sharti moja: friza niinunue yangu, na samaki wake asitiwe humo.