Tupeane uzoefu: ulipohamia Nairobi, ni mazoea gani yalibadilika kwanza?

Wadau, habari zenu. Leo tuiache kodi ya nyumba na mambo ya kazi, hayo tumeyasema sana. Nataka yale madogo ya kila siku: siku hizi unakula nini ambacho kwenu hukukila, unaoga saa ngapi, umeacha nini, umekataa kuacha nini. Watu husema mgeni hubadilika kwa kuiga wenyeji. Mimi naona tunabadilishwa kwanza na baridi, maji na foleni za barabarani, na kuiga kunakuja nyuma yake.

Naanza mimi. Nimelelewa Mombasa, Mji wa Kale, sasa niko South B. Kilichonishtua kwanza ni chupa ya mafuta ya nazi. Nyumbani unamimina kiganjani na kupaka. Yakiganda kidogo usiku wa kipupwe, jua likichomoza yameshayeyuka. Hapa, Julai, yaliganda yakawa meupe na magumu kuanzia chini hadi shingoni mwa chupa, na hivyo ndivyo yalivyokaa wiki nzima. Mafuta hayo yanahitaji joto la nyuzi 24 hivi ili yabaki maji maji, na chumba changu hakilifikii. Kwa hiyo kila asubuhi chupa inakaa kwanza kwenye kikombe cha maji moto, kisha ndiyo nijipake.

Kuoga nako kumebadilika. Pwani unaoga asubuhi, alasiri na kabla ya kulala, kwa sababu ya jasho. Hapa ni mara moja, jioni, na maji ya moto. Tena maji yenyewe ni ya zamu. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na mtaa mmoja ukipata, mwingine unangoja. Siku ya zamu yetu hakuna anayelala mpaka mitungi yote ijae.

Jikoni ndiko nilikojifunza mengi. Jiji hili liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Maharage yale yale yaliyokuwa yakiiva kwa mama yangu kabla ya adhuhuri, hapa yanakula gesi hadi unasikitika. Nikaelewa kwa nini majirani wananunua yaliyokwisha kuchemshwa, wanapimiwa kwa kikombe pale kando ya barabara, wanaenda kuunga tu. Nami nafanya hivyo sasa. Wali wa nazi nimeuweka wa Ijumaa, maana nazi ya hapa imesafiri kwa lori. Naitikisa sikioni kabla ya kulipa, na isipolia maji siichukui. Siku nyingine ni ugali na sukuma wiki, na nakiri naipenda sana, hasa ikikatwa nyembamba na kuivishwa haraka ikiwa bado ya kijani.

Haya, karibuni.

MSIAYA WA UMOJA: Kwangu ni samaki. Nimekulia karibu na ziwa, ngege unamjua amevuliwa asubuhi hiyo. Umoja nilikutana na samaki wa barafu kutoka Uchina, wote saizi moja. Sisemi ni wabaya, lakini ulimi wangu uliwakataa. Nikaanza kwenda soko la Gikomba mapema, nafunua mashavu nione kama bado ni mekundu, nabonyeza nyama nione kama inarudi. Kilichobadilika ni kwamba zamani samaki alikuwa chakula cha siku yoyote, sasa ni wa Jumapili, na kati ya wiki ni omena, yaani dagaa. Mboga chungu za nyumbani, osuga hasa, sijaziacha. Nazichemsha, namwaga maji, naziongezea maziwa na kuzilaza usiku. Watoto wangu waliozaliwa hapa hawazitaki, na hilo linaniuma kweli.

BINTI WA GARISSA: Mwenye mada, naomba nikupinge kidogo. Inategemea umehamia mtaa gani. Mimi niko Eastleigh na chakula hakikubadilika hata kidogo. Anjera, ule mkate wetu mwembamba wa Kisomali, ipo kila asubuhi, na maziwa ya ngamia yanaletwa kwa basi kutoka Isiolo. Ila usingizi, huo umebadilika. Kwetu msimu wa joto tunatandika mikeka uani, tunalala nje, watu wanaongea hadi usiku wa manane. Hapa kila mtu na mlango wake na blanketi zito. Nawakosa wale watu wa uani kuliko chakula chochote.

MTANGA: Mimi ni wa Tanga, nilikuja kwa kazi. Kwetu huwezi kuuliza bei kabla ya kumjulia hali muuzaji, na mkubwa lazima apate shikamoo. Hapa nyuma yako kuna watu wana haraka. Nimefupisha, lakini kwa mama mboga wangu sijaacha, na sasa yeye ndiye anayeanza kuniuliza habari za nyumbani. Chai ndiyo imenigeuza kabisa. Kwetu ilikuwa ya rangi, na iliki na mdalasini. Hapa wanachemsha maji, maziwa na majani pamoja, na nikienda likizo sasa chai ya rangi naiona nyepesi. Swali kwako wa Mombasa: mahamri yako yanaumuka kweli kwenye baridi hii? Yangu yanabaki bapa.

MWENYE MADA: Binti wa Garissa, nimekuelewa, na uko sahihi kuhusu mtaa. Mtanga, ndugu yangu, kanda unga usiku badala ya alfajiri. Tui liwe vuguvugu, lisiwe la moto, hamira itakufa. Funika bakuli kwa kitambaa, liweke juu ya sufuria ya maji ya moto iliyokwisha kuepuliwa, kisha ulifunge kwa blanketi dogo hadi asubuhi. Yakishakatwa, yapumzishe tena kabla ya kuyatia kwenye mafuta. Iliki usipunguze. Wa Kitui na wa Nyeri mbona kimya? Leteni yenu.