Naomba ushauri: jaribio la bash linameza mistari

Ndugu zangu, habari za leo. Niko Bukavu, naandika programu ndogo ya terminali ya kubadili faranga na dola kwa duka la shangazi. Fanksheni yangu ya bash (lugha ya amri za terminali) ya kuijaribu ilikuwa na mstari huu:

local jibu=$(./badili "$1")

Kisha nasoma $?, yaani namba inayoachwa na amri ya mwisho: 0 ni sawa, nyingine ni kosa. Kila mara 0, hata nikiipa herufi badala ya namba! Siku mbili nimelaumu programu bure. Kumbe hiyo 0 ni ya local yenyewe (amri inayotangaza jibu), si ya programu. Nimetenganisha: local jibu mstari wake, jibu=$(...) mstari wake, sasa napata 1.

Kilichobaki: $(...), inayochukua matokeo ya programu, inameza mistari mitupu ya mwisho, nami nataka kuikagua. Niandike jibu kwenye faili nitumie diff (amri ya kulinganisha faili), ama kuna njia fupi? Sitaki kupakua kitu kikubwa, mega huku ni ghali.