Kuonyesha bure filamu fupi zinazowania Oscar uwanjani: vibali, pazia, sauti na lugha

MpwaniWaTanga

Wakuu, heshima kwenu. Kikundi chetu cha vijana hapa Tanga kinataka kuandaa usiku wa filamu fupi za kimataifa, zile zilizopita mchujo wa Oscar wiki hii. Kiingilio bure, kwenye uwanja wa wazi wenye ukuta mmoja mrefu, watu kama 150. Wengi hawafuati Kiingereza wala Kifaransa. Tulifikiria tufanye mwanzoni mwa Machi, wiki moja kabla ya tuzo za Machi 15, 2026. Tunayo laptopu, spika mbili za inchi 15 na projekta ya kuazima ya lumeni 3,500. Baadhi ya filamu tumezikuta YouTube, zimewekwa na wenyewe kabisa. Kwa kuwa hatutozi kitu, bado tunahitaji ruhusa ya mtu? Mitambo inatosha? Na suala la lugha tulifanyeje?

KibaliKwanza

Mkuu, nianze na hilo la bure kwa sababu ndilo linalowaponza wengi. Haki ya kuonyesha filamu mbele ya umma ni ya mwenye filamu, uwe umetoza au hujatoza. Filamu kuwekwa YouTube na mwenyewe maana yake ni kwamba amekuruhusu uitazame hapo hapo kwenye simu yako. Hajakuruhusu kuipakua na kuitandaza ukutani kwa watu 150. Kwa hiyo kila filamu inahitaji barua yake.

Sasa angalieni kalenda. Kila kundi la filamu fupi za Oscar, yaani za kuigiza, za katuni na dokumentari, huchujwa hadi 15 mwezi Desemba, kisha 5 zinateuliwa. Safari hii uteuzi ni Januari 22. Filamu ikishateuliwa, mlango unaanza kufungwa: kampuni za usambazaji, kama ilivyofanya ShortsTV kwa miaka mingi, huzipeleka sinema kwa vifurushi kila mwaka, na mtengenezaji aliyeingia mkataba huo hawezi kukupa ruhusa hata akiwa anaipenda Tanga kuliko wewe. Andikeni sasa, kwa wote 15 wa kundi mnalolitaka, msingoje watano. Wale 10 watakaobaki nje watafurahi sana filamu zao zionekane, na kusema kweli tofauti ya ubora kati ya namba 5 na namba 6 ni ndogo mno.

Barua iwe fupi: mji, tarehe, idadi ya viti, kiingilio bure, nani anagharamia, onyesho moja tu, faili litafutwa baada ya onyesho. Kisha ombeni vitu vitatu kwa mpigo: faili, orodha ya maongezi yenye alama za muda, na nakala ya picha isiyo na maandishi ya Kiingereza yaliyochomewa. Hilo la tatu watu hulisahau, halafu wanahangaika wiki ya mwisho. Wakitaka ada, semeni bajeti yenu waziwazi. Wengi hushusha au husamehe kabisa.

Upande wa serikali, filamu yoyote inayoonyeshwa hadharani Tanzania Bara inapitia Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Anzeni kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri, atawaelekeza. Serikali ya mtaa na polisi nao wapewe taarifa kwa maandishi kwa ajili ya mkusanyiko. Anayesoma hapa akiwa Zanzibar aende BASSFU, baraza la sanaa na filamu la huko, na aliye Kenya aende KFCB, bodi ya filamu ya huko, ambayo itampa daraja la GE, PG, 16 au 18. Msipeleke filamu bila kuzitazama zote hadi mwisho. Filamu fupi huficha jambo zito kwenye dakika mbili za mwisho, na uwanjani kutakuwa na watoto.

Mkikosa za Oscar, msikate tamaa. Zipo zilizoshinda Poulain d'or, tuzo ya filamu fupi ya FESPACO, tamasha la filamu la Burkina Faso, na zilizoshindania Palme d'Or ya filamu fupi kule Cannes, ambazo hazivuki dakika 15 na kwa hiyo zinapangika kirahisi. Alliance Française na Goethe-Institut, vituo vya utamaduni vya Ufaransa na Ujerumani, nao wana makusanyo yenye haki ya kuonyeshwa bila kiingilio, waulizeni.

Saa12Jioni

Kuhusu tarehe tu. Ramadhani inategemewa kuanza Februari 18 au 19. Wiki moja kabla ya Machi 15 watu wa Tanga wanafuturu saa ile ile mnayotaka kuwasha projekta, kisha wanakwenda tarawehe. Mkisogeza baada ya Iddi mnaingia kwenye masika, na uwanja wa wazi ndio basi. Jumamosi ya Februari 7 ndiyo yenu: uteuzi umeshatangazwa, Ramadhani bado, mvua bado. Jua linazama kama saa 12:45, giza la kutosha linapatikana saa 1:10. Anzeni saa 1:15 usiku, baada ya magharibi. Mkianza mapema, filamu ya kwanza mtaiona nusu.

FundiProjekta

Lumeni 3,500 zinatosha, ila msitake pazia kubwa. Kiwango cha sinema ni kandela 48 kwa mita ya mraba, sawa na laksi 150 hivi zikipiga ukuta mweupe usiong'aa. Projekta ya kuazima, taa imechoka kidogo na umeiweka kwenye hali ya rangi za sinema badala ya ile ya mwanga mkali wa kijani, hesabuni asilimia 60 ya kilichoandikwa kwenye boksi. Hiyo ni lumeni 2,100. Gawanya kwa 150, unapata mita za mraba 14, yaani picha ya upana wa mita 5 kwa kimo cha 2.8. Mtu wa nyuma akae si zaidi ya mita 15 kutoka ukutani. Kama lenzi ni ya uwiano wa 1.5, yaani umbali ni mara 1.5 ya upana wa picha, projekta inakaa mita 7.5 kutoka ukutani, kwa hiyo itakuwa katikati ya watu: izungushieni kamba na mumweke mtu hapo.

Tumieni ukuta, achaneni na turubai. Kaskazi ikivuma mita 10 kwa sekunde, pazia la mita za mraba 14 linasukumwa kwa nguvu isiyopungua kilo 80. Litang'oa vigingi au litavimba kama tanga la jahazi na picha itacheza. Pakeni ukuta rangi ya maji nyeupe, mikono miwili, kopo la lita 4 linatosha na kubaki. Msipake rangi ya mafuta, inang'aa na waliokaa pembeni wataona doa la mwanga katikati ya picha. Zungusheni mpaka mweusi wa sentimita 15 kuzunguka picha. Kazi hiyo ya nusu siku inabadilisha picha kuliko kununua projekta ghali. Ukingo wa chini wa picha uwe mita 1.2 kutoka ardhini kama watu wanakaa mikekani, mita 1.6 kama ni viti.

Faili. Mkiletewa diski ya DCP, yaani faili la kuonyeshea kwenye majumba ya sinema, mara nyingi imefomatiwa kwa mfumo wa Linux. Mkiichomeka kwenye Windows, itawaambia diski inahitaji kufomatiwa. Mkikubali, mmefuta filamu. Tena DCP ya dakika 15 inaweza kufika gigabaiti 28, na kama imefungwa kwa ufunguo inafunguka kwenye mtambo wa sinema uliotajwa tu, kwa saa zilizotajwa tu; laptopu haitaifungua. Ombeni faili la kawaida la video, H.264 la 1080p, megabiti 20 kwa sekunde. Dakika 15 ni gigabaiti 2.3 hivi, linapakulika usiku mmoja na kwa macho ya uwanjani hakuna atakayeona tofauti.

Filamu nyingi za Marekani ni fremu 24 kwa sekunde, za Ulaya mara nyingi 25. Laptopu ikitoa 60 kama kawaida yake, kamera ikigeuka taratibu utaona picha inaruka-ruka. Wekeni 50 kwa zile za 25, na 24 kwa zile za 24 kama projekta inakubali. Msibadilishe katikati ya filamu na filamu, projekta hupoteza mawimbi kwa sekunde kadhaa na mara nyingine hairudi. Pangeni za 24 zote kwanza, za 25 baadaye, mbadilishe wakati mtu anazungumza na watu.

Sauti ndipo maonyesho mengi yanapoharibika. Faili likiwa na njia sita za sauti, maongezi yako kwenye njia ya katikati. Mkilipitisha kwenye spika mbili bila kulichanganya, mnasikia muziki, upepo, milango, na midomo inafunguka bila neno. Ligeuzeni liwe la njia mbili, ya katikati ikiwa imechanganywa ndani, siku kadhaa kabla. Halafu, filamu iliyochanganywa kwa ajili ya sinema inasikika chini sana ikifuata iliyochanganywa kwa ajili ya mtandao. Chezeni dakika moja ya maongezi ya kila filamu, rekebisheni hadi zilingane kwa sikio, andikeni namba ya kitelezi cha mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) kwenye karatasi. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye meza.

Laptopu ikae jirani na projekta, kwa waya wa HDMI wa mita 3. Waya wa shaba ukizidi mita 15 unaanza kukata picha. Sauti ndiyo isafiri mbali, kwa nyaya za maikrofoni. Mkisikia mngurumo unaokoma mkichomoa chaja, wekeni boksi la DI, kisanduku cha kukata mngurumo, kati ya laptopu na mikisa. Vyote vichote umeme soketi moja. Mzigo wote hauzidi kilowati 1.2, kwa hiyo saa tatu ni uniti 4. Hakikisheni LUKU inazo. Waya wa kukunja ukunjueni wote hata kama mnahitaji mita tano tu, ukibaki kwenye gurudumu unapata moto. Wekeni UPS (betri ya akiba) kwa projekta na laptopu, na jenereta ya kVA 2.5 mita 30 nyuma ya jengo.

MtafsiriWaMaandishi

Hapo kwenye lugha ndipo usiku wenu utakapopona au kufa, kwa hiyo msiuache mwisho.

Kwenye maandishi ya tafsiri chini ya picha, mstari mmoja usizidi herufi 42, mistari isizidi miwili, na mtazamaji apewe sekunde moja kwa kila herufi 15. Kiswahili ni kirefu machoni, kwa hiyo tafsiri ya neno kwa neno haitaingia. "Nimekwambia kwamba sitaweza kurudi nyumbani leo usiku" ni herufi 53, inadai sekunde tatu na nusu. Mwigizaji kaisema kwa sekunde moja na nusu. Andika "Leo sirudi nyumbani." Herufi 20, na maana iko pale pale, sauti yake inamaliza mengine.

Jihadharini na "a-" yetu. Lugha nyingine zinatofautisha mwanamume na mwanamke, sisi hatutofautishi. "Alimwambia harudi" kwenye filamu yenye ndugu watatu haieleweki nani kamwambia nani. Weka jina au cheo: "Dada alimwambia baba harudi." Na amueni mapema nani anamwamkia nani shikamoo. Mtoto wa kwenye filamu akimwambia babu yake "mambo", uwanja mzima utacheka mahali pasipo pa kuchekwa.

Fanyeni kazi kwenye Subtitle Edit au Aegisub, programu za kuandika tafsiri, zote bure, mhifadhi faili la maandishi la SRT kwa UTF-8. Filamu ya dakika 15 yenye maongezi mengi inafika mistari 200. Mpeni mtafsiri siku mbili, kisha mtu asiyeijua lugha ya asili aitazame akisoma Kiswahili peke yake. Pale anapouliza "huyu ni nani?", pana kosa.

Mkikosa nakala safi na Kiingereza kimechomewa, msiweke Kiswahili juu yake. Punguzeni picha hadi asilimia 85, iinueni juu, na Kiswahili kikae kwenye ukanda mweusi wa chini.

Na filamu ya Kiswahili iwekeni moja. "Watu Wote", kazi ya wanafunzi wa Hamburg Media School iliyopigwa Kenya, dakika 22, watu wanaongea Kiswahili na Kisomali, iliteuliwa Oscar mwaka 2018. Haiwanii tena, ila wageni wenu wataona kwamba lugha yao nayo imeshafika huko. Ni ya shambulio la basi, kwa hiyo wazazi waambiwe kabla.

MpwaniWaTanga

Nashukuru sana wakuu. Februari 7 tumeipitisha, barua zinaanza kwenda leo. La mwisho: filamu ngapi, na kwa mpangilio gani?

FundiProjekta

Tano au sita, jumla dakika 80. Anzeni na ya katuni isiyo na maneno, chini ya dakika 10, maana watu watakuwa bado wanaingia na kutafuta pa kukaa. Dokumentari zinazowania Oscar mara nyingi zinakaribia dakika 40, ambao ndio ukomo. Ikichukuliwa moja imeshakula nusu ya usiku, hivyo iwe ya tatu, isiwe ya mwisho. Nzito isifuatwe na nzito. Wekeni sekunde 20 za giza baada ya majina ya kila filamu, na majina yenyewe msiyakate.

Ijumaa Februari 6, saa 1:15 usiku ile ile, chezeni kila kitu ukutani kuanzia mwanzo hadi mwisho, na taa za majirani zikiwaka kama kawaida. Wadudu wakijaa kwenye lenzi, washeni taa nyeupe mita 10 pembeni iwavute. Mmoja wenu akae mkeka wa nyuma kabisa na mwingine mkubwa wa mwili mbele yake. Asipousoma mstari wa chini, pandisheni picha, msikuze herufi.