Mdogo wangu anajipa maksi za utu kila usiku. Nimjibu nini?

Mtoa mada:
Wakuu, naomba hoja. Mdogo wangu ana daftari la kujipa maksi: subira, ukweli, ulimi, hasira. Akianguka popote anajiadhibu, anafunga au anatununia wote nyumbani. Nikimwambia hakuna binadamu mkamilifu, ananiuliza, "Umewapima wote?" Hapo nakwama, maana kweli sijawapima. Je, mtu anaweza kukamilika? Na akikamilika, nani atajua, kwa kipimo gani?

Kalamu Butu:
Daftari kama hilo alikuwa nalo Benjamin Franklin, yule mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani wa karne ya 18. Alichagua fadhila 13, kila wiki akikazania moja, na kila kosa akiliwekea alama nyeusi. Akajikuta ana kasoro nyingi kuliko alivyodhani, hasa kwenye utaratibu wa mambo. Ila kali zaidi ni hii: alisema hata angekishinda kiburi kabisa, pengine angejivunia unyenyekevu wake. Hiyo unaipa maksi ngapi? 😄

Mama Tulizo:
Kama ameanzia Mathayo 5:48, pale Yesu anaposema muwe wakamilifu kama Baba yenu wa mbinguni, asome na mistari ya juu yake. Pale panazungumzwa kuwapenda maadui, na jua linalowaangazia waovu na wema. Ni upendo usiobagua, si rekodi safi. Hata John Wesley, mhubiri aliyeanzisha Umethodisti na aliyeuhubiri sana ukamilifu wa Mkristo, alisema Mkristo huyo mkamilifu bado hajui mengi na bado hukosea. Sasa huyu anatafuta ukamilifu kwa kuwanunia ndugu zake!

Mwamuzi wa Akiba:
Mimi nabaki kwenye kipimo. Olimpiki ya Montreal, 1976, Nadia Comăneci wa Romania alipewa 10 kwenye jimnastiki, ubao ukaandika 1.00 kwa sababu haukutengenezwa kuonyesha 10.00. Ile 10 iliwezekana kwa kuwa sheria ilikuwa na kikomo: ukifika hapo, hakuna pa kuongeza. Mwaka 2006 shirikisho la kimataifa likabadili mfumo, alama ya ugumu ikaachwa wazi juu, na 10 kama kilele ikafutwa. Binadamu hawakupungua ubora, kilichobadilika ni sheria.

Kwa hiyo usibishane naye kuhusu watu wote. Muulize nani ameweka kikomo cha subira. Mtu mpole kwa sababu hajawahi kuchokozwa, na mwingine anayechokozwa tangu asubuhi akalipuka mara moja jioni, nani ana maksi zaidi? Na kwenye daftari lake yeye ndiye mtunga mtihani, mtahiniwa na msahihishaji. Matokeo hayo hata akipata mia yanathibitisha nini?

Sikubali:
Sawa, lakini msimpe mlango wa uvivu. Condorcet, mwanafalsafa Mfaransa, akiwa mafichoni wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, aliandika kwamba uwezo wa binadamu kujiboresha hauna mpaka. Hakusema tutafika. Kukosa kilele si sababu ya kuacha kupanda.

Mtoa mada:
Hilo la msahihishaji nitalianza nalo leo. Na daftari, nimwambie alichome?

Mwamuzi wa Akiba:
Hapana. Aandike alichofanya, safu ya maksi aiache.

Mama Tulizo:
Mkuu, umetaja kufunga. Anakula vizuri siku nyingine? Analala? Kama adhabu zinaongezeka, tafuteni mshauri nasaha kwanza. Mjadala wa kina Franklin utangoja.